Kikulacho Garini: Kuugeuza Mchezo wa Kumtafuta Mhujumu kuwa Futuhi ya Filamu Nakuru

Utangulizi

Kuna aina ya michezo ya video ambayo haina shujaa wala hadithi. Wachezaji wengi hukutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa na simu au kompyuta yake, wakapewa kazi za kutimiza kwa pamoja. Mmoja wao, ambaye wenziwe hawamjui, hupewa kazi ya kuwaharibia. Yanayofuata ni mashaka, mabishano, uongo na vicheko. Mfano mashuhuri wa aina hii ni Among Us, mchezo uliotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Innersloth ya Marekani, ukaenea ulimwenguni mwaka 2020 watu wengi walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya Korona. Hapo awali ulichezwa na watu 4 hadi 10. Mwaka 2021 idadi ya juu ilipandishwa hadi 15.

Makala haya yanachunguza swali moja. Iwapo mchezo wa namna hii utageuzwa kuwa filamu ya kuchekesha ya Kiswahili, na filamu hiyo ikawekwa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa, ni mambo gani ya lugha yatakayoamua kufaulu kwake? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba picha na mavazi ni mambo ya baadaye. Kazi ya kwanza ni kuchagua maneno ya aina tatu: jina la mkosaji, jina la kila mchezaji, na kitenzi cha kumtoa mtu kundini. Mahali pengine uchaguzi huo ungeweza kuachiwa mfasiri yeyote. Nakuru hauwezi, kwa kuwa maneno ya jamii hiyo yamekwisha kutumika huko nje ya mchezo, na watu wakafa.

Asili ya mchezo na filamu zilizotangulia

Mchezo wa kumtafuta adui aliyejificha una umri mkubwa kuliko mashine zinazouchezesha leo. Mwaka 1986 Dimitry Davidoff, aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Moscow, alibuni mchezo wa kuketi duara uitwao Mafia. Wachache hujuana kwa siri, wengi hawajui lolote, na kila duru hupigwa kura ya kumtoa anayeshukiwa. Baadaye wengine waliubadili, wakaweka wanakijiji na mbwa-mwitu. Among Us uliuhamisha mpango huo hadi kwenye chombo cha angani: wafanyakazi hutengeneza nyaya na mitambo, mhujumu huwaua mmoja mmoja, na maiti inapoonekana huitishwa kikao. Kwa desturi ya mchezo, wachezaji hunyamaza wakati wa kazi. Kauli huruhusiwa kikaoni tu. Huko hutolewa madai, utetezi na ushahidi wa uongo, kisha kura hupigwa.

Kwa hiyo kiini cha mchezo ni usemi. Mwenye mkono mwepesi bila ulimi mwepesi hushindwa. Jambo hili ndilo linaloufanya ustahili kuangaliwa na wanalugha, na ndilo linaloufanya kuwa mgumu kwa mtengenezaji wa filamu, kwa sababu hakuna kisa cha kuiga. Kuna mazingira ya mazungumzo tu, na kila kundi huyajaza upya.

Filamu mbili zinaonyesha jinsi ugumu huo ulivyowahi kukabiliwa. Ya kwanza ni Clue ya mwaka 1985, iliyotokana na mchezo wa ubao wa kumtafuta muuaji. Kwa kuwa katika mchezo wenyewe mkosaji hubadilika kila unapochezwa, filamu ilitengenezewa miisho mitatu, na majumba tofauti ya sinema yakaonyesha miisho tofauti. Ya pili ni Werewolves Within ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Josh Ruben na kutokana na mchezo wa video wa kampuni ya Ubisoft uliotolewa mwaka 2016. Mchezo ulikuwa katika kijiji cha Zama za Kati. Filamu ilikiacha kijiji hicho, ikahamia mji mdogo wa Marekani uliozingirwa na theluji, ambao wakazi wake walikuwa wamekwisha kugawanyika juu ya bomba la gesi lililokusudiwa kupitishwa hapo. Mnyama alipoanza kuua, watu walikuwa tayari na sababu zao za kutoaminiana.

Funzo la filamu hiyo ya pili ni kubwa. Kinachopaswa kuhamishwa kutoka mchezoni ni shaka. Mandhari huachwa, na mahali papya hutakiwa kuizaa shaka hiyo kwa sababu zake penyewe.

Chombo na safari

Nakuru ulianzishwa kuwa mji mwaka 1904 kando ya reli ya Uganda, ukatangazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Wakazi wake wametoka pande nyingi: Wakalenjin, Wagikuyu, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wakamba, watu wa asili ya Bara Hindi, na wengineo. Kiswahili ndicho kiwanja chao cha kukutania. Chombo kilichofungwa, kinachowaweka pamoja watu wasiojuana na kuwalazimisha kushirikiana, hakihitaji kutafutwa angani. Kinapatikana kituoni: ni matatu ya abiria 14, idadi iliyowekwa na kanuni za mwaka 2003 zilizoanza kutekelezwa kwa ukali Februari 2004. Tofauti kati ya 14 na 15 za mchezo ni ndogo kiasi cha kuonekana kama makusudi.

Katika filamu inayofikiriwa hapa, gari linaondoka Nakuru jioni kuelekea Molo kwa njia ya Njoro na Elburgon. Mvua inanyesha na ukungu umeshuka. Baada ya Elburgon gari linazimika. Abiria wanagawiwa kazi kama wafanyakazi wa chombo cha angani: huyu ashike tochi, yule atafute maji ya rejeta, wengine wasukume, wengine wabadilishe gurudumu. Lakini kila safari inapokaribia kuendelea, kitu kinaharibika. Spana inatoweka. Gurudumu lililojazwa linakutwa halina upepo. Ufunguo hauonekani. Ni dhahiri kwamba yumo mtu asiyetaka gari lifike.

Kuna sababu ya kuliweka gari kwenye barabara hiyo ndogo badala ya barabara kuu ya Nakuru hadi Eldoret. Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, watu zaidi ya 100 waliteketea kwa moto wa lori la mafuta lililokuwa limepinduka. Futuhi haiwezi kujengwa juu ya kaburi ambalo wenyewe wangali wakilipita kila siku. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna anayeuawa katika filamu hii. Kinachouawa ni wakati, kazi na subira za watu.

Neno la kwanza: jina la mkosaji

Mfasiri atakayeanza kazi atakutana kwanza na swali la kumwita mkosaji nani. Kiswahili kina maneno mengi ya karibu, na kila moja lina mzigo wake. Msaliti ni mtu aliyekuwa wetu akatugeuka. Mamluki ni askari wa kukodiwa, na kibaraka ni mtu anayetumiwa na bwana aliye mbali. Mlaghai ni mdanganyifu, hata kama hajamharibia mtu kazi. Mhujumu ni mtendaji wa hujuma, na neno hilo halisemi chochote juu ya asili yake, bwana wake wala nia yake. Linasema juu ya tendo tu. Kwa filamu ya Nakuru hili la mwisho ndilo linalofaa.

Ubaya wa jina linalotokana na asili ya mtu badala ya tendo lake unaonekana katika neno madoadoa. Neno lenyewe halina kosa: ni uradidi wa doa, na hutumiwa juu ya ngozi ya chui au ganda la ndizi mbivu. Katika siasa za Bonde la Ufa tangu miaka ya 1990 lilifanywa kuwa jina la watu walioonekana kuwa wageni katika ardhi ya wengine. Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki, pamoja na kwekwe. Istiari hizi mbili zinafanana kwa muundo. Doa lina nguo yake na kwekwe lina shamba lake, na katika zote mbili msemaji amejifanya mwenye nguo na mwenye shamba. Anayeitwa hivyo hana haja ya kutenda lolote ili awe mkosaji. Kuwapo kwake kunatosha.

Methali ya Kiswahili isemayo kikulacho ki nguoni mwako inatumia nguo hiyo hiyo kwa maana iliyo kinyume kabisa. Doa liko juu ya nguo, na kila mtu anaweza kulinyoshea kidole. Kikulacho kimo ndani, hakionekani na jirani, na hutafutwa na mwenye nguo kwa kujipapasa mwenyewe. Aidha methali haimtaji mdudu. Imeacha kirejeshi kitupu, kile kinachokula, bila nomino. Mwenye kosa hajulikani ni nani, lakini mahali pa kuanzia utafutaji panajulikana: nguoni mwako. Kikulacho linafaa basi kuwa jina la filamu. Halifai kuwa jina la mtu ndani ya filamu, kwa kuwa ngeli yake ingemgeuza mtu kuwa kitu, na kosa lililofukuzwa mlangoni lingeingilia dirishani.

Neno la pili: majina ya abiria

Katika Among Us wachezaji hujulikana kwa rangi. Kisarufi jambo hili lina utamu wake. Mchezaji wa Kiswahili husema Nyekundu amekimbia, si Mwekundu amekimbia. Kivumishi kimegandishwa katika umbo linalopatana na neno rangi, kisha kikachukua upatanisho wa kitenzi wa ngeli ya watu. Mgando huo una kazi, kwa sababu Mweusi na Mweupe yangemweleza mtu kwa ngozi yake, ilhali Nyeusi na Nyeupe ni majina ya mavazi tu.

Hata hivyo rangi haziwezi kuhamia Nakuru bila madhara. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 Wakenya waligawanywa kwa alama za ndizi na chungwa, na tangu hapo vyama vimezidi kujipaka rangi. Abiria atakayeitwa Chungwa au Manjano ataonekana amekwisha kupiga kura kabla kikao hakijaanza. Desturi ya utingo ya kumwita abiria kwa mahali aendapo, kama vile Njoro, lete nauli, nayo inachekesha, lakini katika Bonde la Ufa jina la mahali aghalabu huchukuliwa kuwa dalili ya kabila. Njia iliyo salama, na ambayo utingo anaijua vilevile, ni kumwita abiria kwa kiti au mzigo wake: wa Dirishani, wa Mlangoni, Mama wa Viazi, Mzee wa Mbele. Kiti hakirithiwi, na mzigo huteremshwa safari ikiisha. Mfano mdogo utaonyesha jinsi kikao kinavyoweza kwenda:

UTINGO: Jamani, spana ilikuwa hapa.
WA DIRISHANI: Hapa ni wapi? Ndani ya gari hili hapa ni pengi.
WA MLANGONI: Mama, kwa heshima zote, hebu inuka kidogo tutazame ulipokalia.
MAMA WA VIAZI: Nimekalia viazi, mwanangu. Lini mmevipigia kura?
MZEE WA MBELE: Hoja ya mama ina uzito.
UTINGO: Hoja haina uzito, mzee. Ni gunia.

Kicheko hapa hakitoki katika ukoo wa mtu yeyote. Kinatoka katika watu wazima wanaoendesha kesi kwa adabu kamili ya baraza, huku wakiwa wamebanana na magoti kufika kidevuni.

Lafudhi na ushahidi

Haimaanishi kwamba filamu ijifanye haizijui lugha za watu wake. Ndani ya gari Kiswahili ni lugha ya kikao. Lugha ya nyumbani ni ya mnong'ono wa simu. Mnong'ono huo huzaa shaka kwa yule asiyeuelewa, na ni chakula kizuri cha futuhi: abiria wanne wanakusanya ushahidi wa njama kutokana na mazungumzo ambayo mtazamaji, kwa msaada wa maandishi ya chini ya picha, anajua yanahusu mbuzi aliyekula kamba.

Ugumu uko katika lafudhi. Michezo ya kuchekesha ya Kenya imeitumia kwa muda mrefu. Vioja Mahakamani, kipindi kilichorushwa kwa miongo kadhaa na shirika la utangazaji la taifa, kiliwaweka kizimbani wahusika ambao Kiswahili chao kilibeba alama za lugha zao za kwanza. Alama hizo zina sababu za kifonolojia zijulikanazo: Kigikuyu hakina fonimu /l/, Kijaluo hakina /ʃ/, na lugha za Kikalenjin hazitofautishi konsonanti ghuna na sighuna kwa njia ya Kiswahili. Mtazamaji alicheka, na mara nyingi alijicheka mwenyewe. Lakini katika Vioja alikuwapo hakimu, na hukumu ilitolewa juu ya kuku aliyeibwa, si juu ya matamshi ya mshtakiwa. Katika mchezo wa kumtafuta mhujumu hakuna hakimu. Kuna wingi wa kura tu. Lafudhi ikishaachwa kuwa ushahidi mbele ya kura hizo, kicheko kimekwisha.

Filamu inaweza kulikabili jambo hili waziwazi. Sauti inasikika gizani nje ya gari ikiagiza spana, na kila abiria anaapa kwamba ameitambua lafudhi. Kura inakaribia kupigwa kwa msingi huo. Ndipo kijana wa kiti cha nyuma, mzaliwa wa Kaptembwo, anapoirudia sentensi hiyo mara tano kwa lafudhi tano, kila moja bila dosari, kisha anauliza ni yupi kati yake yeye na yeye atakayeshushwa. Mtoto wa mtaa wa Nakuru amezisikia sauti zote hizo kupitia kuta za mabati. Kwa maonyesho ya nusu dakika ushahidi umebatilishwa, na mtazamaji amejifunza kanuni ya filamu nzima: hoja itolewe juu ya tendo.

Neno la tatu: kitenzi cha kumtoa mtu

Katika Among Us aliyeshindwa kwa kura hutupwa nje ya chombo. Tafsiri inayojileta yenyewe ni ondoa. Kitenzi hicho ndicho kilichotumiwa pamoja na madoadoa, kama vile ng'oa kinavyoandamana na kwekwe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia zilienea nchini. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na Tume ya Waki ikahesabu vifo 1,133 kwa nchi nzima. Mtazamaji aliyekimbia nyumba yake siku zile hawezi kukisikia kitenzi ondoa kama neno la mchezo.

Matatu ina kitenzi chake: shusha. Abiria huishurutisha gari kusimama kwa kusema shukisha hapa, na utingo huuliza kama kuna wa kushuka. Kitenzi hiki kina sifa mbili ambazo ondoa hakina. Kwanza, kina kinyume kinachojulikana na kila msafiri, nacho ni panda. Aliyeshuka anaweza kupanda tena. Pili, kinamchukulia anayeshushwa kuwa msafiri mwenye haki, aliyelipa nauli na ambaye safari yake imekatizwa. Kumshusha mtu kabla ya kituo chake ni deni. Hivyo kila kura inayopigwa garini inamzidishia utingo madai ya kurudisha nauli, na hesabu hizo za nauli zinakuwa mzaha unaoendelea hadi mwisho.

Walioko nje

Katika mchezo, aliyetolewa haachi kucheza. Hugeuka mzimu, huendelea na kazi zake, huona yote, lakini walio hai hawamsikii. Katika filamu, walioshushwa wamesimama mvuani nyuma ya gari. Vioo vimejaa ukungu. Kupitia kioo cha nyuma wanamwona mhujumu akiisukuma spana chini ya kiti; wanagonga, wanapiga kelele, na walio ndani wanasema mvua imezidi. Hiki ndicho kinaya ambacho jukwaa hulitafuta sikuzote: anayejua hasikiki, na anayesikika hajui.

Mhujumu ni wa Mlangoni, mwitishaji wa kila kikao na mwepesi wa kutaja wengine. Ni mweka hazina wa chama cha kuchangiana, naye anangojwa Molo usiku huo na wanachama waliokuja kutaka hesabu. Hana chuki na mtu; ana aibu. Sababu yake ni ndogo, inaeleweka, na haina kabila.

Ufumbuzi nao hauletwi na werevu wa walio ndani. Kura baada ya kura, garini wanabaki watatu, na gari haliwezi kusukumwa na watatu. Walio nje wamekuwa wengi, nguvu zote ziko kwao, na ukweli pia. Mlango hauna budi kufunguliwa, na waliopiga kura hawana budi kuomba. Kila mtu anapanda tena, akiwa ameloa, akidai kiti chake cha kwanza. Mhujumu naye anapanda, kwa kuwa bila mikono yake gari halitatoka matopeni, na kwa kuwa kufikishwa mbele ya wanachama wake ni adhabu inayomtosha.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba mchezo wa video wa wachezaji wengi huhamishika hadi filamu kwa njia ya usemi wake, na kwamba katika Nakuru usemi huo unategemea maneno ya aina tatu. Mkosaji aitwe kwa tendo lake. Wachezaji waitwe kwa kitu kisichorithiwa. Tendo la kuwatoa liwe tendo linaloweza kutenguliwa. Masharti haya hayaipunguzii futuhi makali yake. Yanaipa mahali pa kusimama, kwa sababu mtazamaji hucheka kwa uhuru pale anapojua kwamba kicheko hakitamfuata nyumbani.

Jaribio la kwanza halihitaji kamera. Ukumbi wenye viti kumi na vinne vilivyopangwa kama garini unatosha, na wanafunzi wa chuo kikuu kama kile cha Egerton, Njoro, wanaoishi kando ya barabara hiyo hiyo, wanatosha kuwa abiria. Wapewe kazi na mhujumu wa siri, wacheze usiku kadhaa, na usemi wao unakiliwe. Muswada uandikwe kutokana na nakala hizo. Makundi ya maigizo ya kusafiri, lile la Makerere lililoanza mwaka 1965 na lile la Nairobi la mwaka 1974, yalikwisha kuonyesha kwamba vyuo vinaweza kupeleka jukwaa kwa watu. Hapa vyuo vingelichukua jukwaa kutoka kwa watu, pale wanapolikalia kila jioni, wakiwa wanasubiri gari lijae.